Asilimia ya waliofaulu katika shule ya kati: inapima shule, au inapima kitu kingine?

Mzazi_Mdadisi (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Matokeo ya mitihani ya jimbo ya mwaka wa masomo uliopita yametoka, na sisi wazazi tunaosomesha watoto Marekani tumeanza tena kutumiana lile jedwali la kila mwaka: jina la shule upande mmoja, asilimia ya waliofikia kiwango cha umahiri upande wa pili. Binti yangu yuko darasa la saba. Shule yake ya kati imeshuka katika hisabati, tena si kidogo, na ndani ya siku mbili nimesikia wazazi watatu wakisema kwamba wanatafuta shule nyingine. Kimoyomoyo mimi nilikwisha kuwa wa nne. Kilichonizuia ni kwamba niliamua kwanza kusoma ripoti nzima ya shule, ambayo sheria inalazimisha itangazwe kwa umma, na baada ya jioni tatu nimefikia maoni ambayo ninayaleta hapa ili yapimwe: ile asilimia tunayotumiana ndiyo namba dhaifu kuliko zote zilizomo ndani ya ripoti hiyo.

Nianze na utaratibu kwa ajili ya wasioufahamu. Shule ya kati kwa kawaida ina darasa la sita hadi la nane, yaani watoto wa miaka 11 hadi 14. Sheria ya shirikisho inayotawala jambo hili ilisainiwa na Rais Obama Desemba 2015, ikachukua nafasi ya ile iliyosainiwa na Rais Bush Januari 2002. Inataka kila mwanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane afanye mtihani wa kusoma na wa hisabati kila mwaka, na wa sayansi angalau mara moja kati ya darasa la sita na la tisa. Kwa hiyo mtoto anayemaliza shule ya kati amefanya mitihani sita ya masomo hayo mawili, na hakuna darasa hata moja la shule hiyo linaloachwa bila kupimwa, jambo ambalo haliko katika shule za msingi wala za sekondari za juu. Kila jimbo lina mtihani wake, lakini ndani ya jimbo maswali, muda na namna ya kusahihisha ni vilevile kwa wote, na ndiyo maana unaitwa mtihani sanifu.

Udhaifu wa kwanza wa ile asilimia ni mpaka wenyewe. Mtoto hapati "amefaulu" au "hajafaulu" moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake. Anapata alama kwenye mizani ya alama, kisha jimbo linachora mstari juu ya mizani hiyo. Mstari huo huchorwa na jopo la walimu na wataalamu wanaopitia maswali moja baada ya jingine wakijiuliza ni lipi ambalo mwanafunzi aliyegusa umahiri kwa ncha ya kidole angeweza kulijibu. Ni kazi ya uangalifu, lakini ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha. Mwaka 2010 jimbo la New York liliuinua mstari wake baada ya kuona kwamba ulikuwa chini mno, na katika hisabati ya darasa la tatu hadi la nane waliofikia umahiri wakashuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 61 kwa mwaka mmoja. Watoto hawakusahau hesabu ndani ya miezi kumi na miwili. Mstari ulisogea, wao wakabaki walipokuwa.

Udhaifu wa pili ni kwamba tunalinganisha watoto tofauti. Tunaposema "darasa la nane limeshuka", tunawaweka walio darasa la nane mwaka huu kando ya walioondoka mwaka jana, kana kwamba ni watu walewale. Tuchukue shule yenye wanafunzi 60 katika darasa la nane. Watoto wanne tu wakiangukia upande wa pili wa mstari, shule imepanda au imeshuka kwa karibu asilimia saba. Watoto wanne! Mmoja aliamka na homa, mwingine alihamia Machi, na wawili walikosa swali moja moja.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa, nao ni kwamba asilimia haisemi mtoto aliingia akiwa na nini. Mtoto wa darasa la sita anapofanya mtihani wake wa kwanza shuleni hapo, amekaa chini ya walimu hao kwa miezi michache. Miaka yote iliyotangulia ni kazi ya shule ya msingi, ya nyumbani, na ya hali ya kipato ya wazazi wake. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye amekusanya alama za mitihani ya majimbo ya nchi nzima kwenye mizani moja, alionyesha mwaka 2017 kwamba wanafunzi wa shule za umma za Chicago walianza darasa la tatu wakiwa nyuma sana, lakini kufikia darasa la nane walikuwa wamepata maendeleo ya miaka sita ndani ya miaka mitano. Ukiangalia asilimia peke yake, Chicago ni mji wa shule mbovu. Ukiangalia mwendo wa watoto, ni moja ya wilaya kubwa zilizofanya kazi vizuri kuliko zote nchini kwa kipindi kile.

Maoni yangu, basi, ni kwamba mzazi atafute kwanza takwimu ya ukuaji, yaani mtoto yuleyule ametoka wapi mwaka jana na amefika wapi mwaka huu, na ile asilimia aiweke mwisho. Bado sijaelewa kwa nini hisabati ya shule yetu imeshuka kiasi kile. Wenye ujuzi, karibuni.

---

Bahari_Tulivu

Ndugu Mzazi, nimesoma kwa makini na sehemu kubwa umesema kweli, ila ninaona hatari katika hitimisho lako. Shule ya sekondari itakayompokea binti yako haitamuuliza ametembea umbali gani, itamuuliza yuko wapi. Mtoto aliyeingia darasa la sita akisoma kama wa darasa la pili, akamaliza la nane akisoma kama wa darasa la sita, amepiga hatua kubwa kwa kipimo chochote, na walimu wake wanastahili kushukuriwa, lakini kitabu cha biolojia cha darasa la tisa bado kitamshinda. Mstari wa umahiri, pamoja na kasoro zote ulizozitaja, unamwambia mzazi jambo ambalo takwimu ya ukuaji haimwambii kamwe. Nimeona shule zinazojificha nyuma ya neno "ukuaji" mwaka baada ya mwaka huku watoto wakimaliza bila kujua sehemu na asilimia.

---

Mwalimu_Mstaafu

Nimefundisha lugha katika shule za kati za nchi hii kwa miaka mingi, kabla ya sheria ya 2002 na baada yake, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha maneno.

Bahari_Tulivu ana hoja, na ninataka kuiongezea historia. Kabla ya 2002 shule yenye jina zuri ingeweza kutangaza wastani mzuri huku ikiwa na watoto hamsini waliokaa nyuma ya darasa ambao hakuna aliyeuliza habari zao. Wastani huficha. Sheria ile ililazimisha matokeo yatolewe kwa makundi: watoto wa kipato cha chini, wa kila asili, wenye ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Vilevile iliweka sharti, ambalo lipo hadi leo, kwamba angalau asilimia 95 ya wanafunzi wapimwe, kwa sababu kulikuwa na werevu wa kuwaambia watoto fulani wabaki nyumbani siku ya mtihani. Nilikuwepo shuleni mara ya kwanza jedwali la makundi lilipowekwa mbele yetu katika kikao cha walimu. Kulikuwa na kimya ambacho sitakisahau. Kila mmoja wetu alijua, na hakuna aliyekuwa amewahi kuliona limeandikwa.

Baada ya hapo ndipo balaa lilipoanza. Sheria ilitaka wanafunzi wote, asilimia mia moja, wawe wamefikia umahiri ifikapo mwaka 2014, na shule zilizobaki nyuma ziliwekewa adhabu zilizokuwa zikipanda hatua kwa hatua. Donald Campbell, mwanasayansi wa jamii wa Marekani, alikwisha kuonya tangu miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kimoja kinavyotumiwa zaidi kufanyia maamuzi, ndivyo kinavyozidi kuharibika na kuiharibu kazi kilichokusudiwa kuipima. Sisi tulimwelewa kwa vitendo.

Nitaeleza namna moja ambayo watu wa nje hawaijui. Kila Januari tulikuwa tukipewa orodha ya watoto "walio mpakani", yaani wale ambao majaribio ya ndani yalionyesha kwamba wamebakiza alama chache kuvuka mstari. Hao ndio waliotolewa darasani kwenda kufundishwa wawili wawili, hao ndio waliopewa vipindi vya baada ya saa za shule. Aliyekuwa juu ya mstari hakuhitaji kitu. Aliyekuwa chini sana hakupewa kitu, kwa sababu hata angepanda kwa hatua kubwa asingeonekana kwenye asilimia. Baadaye nilisoma utafiti wa Derek Neal na Diane Whitmore Schanzenbach uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto wa Chicago, nikakuta jambo lilelile kwa takwimu: waliofaidika na shinikizo la mtihani walikuwa wale wa katikati, na wa chini kabisa hawakupata chochote. Nilimkumbuka kijana mmoja wa darasa la saba aliyeniuliza kwa nini yeye hachukuliwi kwenda chumba kile kidogo. Nilimjibu uongo.

Na pale ambapo shinikizo lilizidi, watu walivuka. Atlanta, wachunguzi walioteuliwa na gavana wa Georgia walitoa ripoti mwaka 2011 iliyokuta udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 walizozichunguza, na walimu na wasimamizi 178 wakatajwa kuhusika. Kilichowafichua ni ufutaji: karatasi za majibu zilikuwa na alama nyingi mno zilizofutwa kutoka jibu lisilo sahihi kwenda lililo sahihi. Miji na magazeti yalikuwa yakiwasifu kwa miaka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sisemi haya ili mtihani ufutwe, maana ukifutwa tunarudi kwenye wastani unaoficha. Ninasema ili mzazi anapoona shule imepanda ghafla awe na maswali yaleyale anayokuwa nayo inaposhuka. Sijawahi kuona mkutano wa wazazi ulioitishwa kwa sababu matokeo yamepanda.

---

Namba_Haziongopi

Shikamoo Mwalimu. Jina langu la humu ni la mzaha; namba huongopa sana zikiachwa peke yake. Kazi yangu ni takwimu, na ninaomba kusahihisha mambo mawili kwa mleta mada.

La kwanza ni kuhusu wale wanafunzi 60. Hesabu yako ni sahihi, lakini hali ni mbaya kuliko ulivyoiweka. Shule ambayo hali yake halisi ni asilimia 50, ikiwa na watahiniwa 60, inaweza kutoa matokeo yanayopanda au kushuka kwa takriban asilimia 6 au 7 kwa bahati tu ya ni watoto gani waliozaliwa mwaka gani, na tofauti ya mwaka mmoja hadi mwingine ina mtikisiko mkubwa zaidi, karibu asilimia 9, kwa sababu miaka yote miwili inatikisika. Thomas Kane na Douglas Staiger waliandika kuhusu hili mwaka 2002: sehemu kubwa ya mabadiliko ya mwaka hadi mwaka katika alama za shule haidumu, inayeyuka mwaka unaofuata. Shule iliyoongoza mwaka jana ina uwezekano mkubwa wa kushuka mwaka huu bila mtu yeyote kufanya kosa, kwa kuwa kuongoza kwenyewe kulihitaji bahati kidogo. Wale wazazi watatu wanaotaka kuhama wataelekea shule iliyopanda mwaka huu, na mwakani watalalamika kwamba nayo imeharibika.

La pili ni kuhusu ukuaji. Unaupa heshima kubwa mno. Majimbo mengi, yakifuata njia iliyoanzia Colorado, humlinganisha mtoto na wenzake wa jimbo zima waliokuwa na alama kama zake miaka iliyopita, kisha humpa nafasi kati ya 1 na 99. Akipata 70, maana yake amewapita asilimia 70 ya wenzake walioanzia pale pale. Kwa shule huchukuliwa namba ya katikati, na 50 ni hali ya kawaida. Njia ni nzuri, lakini ni kipimo cha ushindani: jimbo zima likidorora kwa pamoja, nusu ya watoto bado watakuwa juu ya 50. Tena ukuaji unabeba makosa ya mitihani miwili, si mmoja. Kwa mtoto mmoja mmoja namba hiyo ni yumbishi sana. Kwa darasa zima, na hasa kwa wastani wa miaka miwili au mitatu, ndipo inapoanza kuwa na uzito.

---

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba, kijana. Hapo kwa mtoto mmoja umesema neno. Nimewaona wazazi wakimwadhibu mtoto kwa sababu ya nafasi ya 38.

---

Mama_wa_Wanne

Ninashukuru kwa mada hii. Mimi nina swali la upande mwingine. Mwanangu aliingia darasa la sita akiwa na miezi mitano tu nchini, Kiingereza chake kikiwa cha salamu. Tuliletewa barua kwamba atafanya mtihani wa hisabati lakini si wa kusoma, na mwaka uliofuata akafanya yote, akapata ngazi ya chini kabisa. Nilipoiona karatasi ile nililia, kwa sababu nyumbani mtoto huyu anasoma Kiswahili vizuri na kuwaeleza wadogo zake. Je, yeye ndiye anayeishusha shule? Mzazi mmoja aliwahi kusema hivyo mbele yangu.

---

Kalamu_Nyekundu

Mama, pole sana, na mzazi yule hakuwa anajua alichokisema. Ninafundisha hisabati darasa la nane, na kila mwaka nina watoto wa aina ya mwanao.

Sheria inaruhusu mwanafunzi ambaye hajatimiza miezi 12 katika shule za Marekani asamehewe mtihani mmoja wa kusoma, ndiyo maana mliletewa barua ile. Mwaka uliofuata alipimwa kwa lugha ambayo alikuwa nayo kwa mwaka mmoja na nusu. Ngazi ya chini pale haina maana kwamba hajui kusoma. Ina maana kwamba hajui kusoma Kiingereza cha darasa la saba, jambo ambalo sote tulilijua kabla ya mtihani. Karatasi unayopaswa kuishika kwa mikono miwili ni nyingine: upimaji wa Kiingereza wanaofanyiwa wanafunzi kama yeye kila mwaka, unaotenganisha kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kama hapo anapanda kila mwaka, yuko njiani. Kama kuzungumza kumepanda na kuandika kumesimama miaka miwili, nenda shuleni ukaulize anapata vipindi vingapi vya msaada wa lugha na nani anavifundisha. Ulizia pia kama katika mtihani wa hisabati alipewa muda wa nyongeza na faharasa ya lugha mbili, kwa sababu maswali mengi ya hisabati siku hizi ni aya nzima za maneno, na nimeona watoto wanaojua hesabu vizuri wakikwama kwenye neno "punguzo".

Kwa mleta mada, nina swali moja. Shule yenu ina darasa la aljebra kwa wanafunzi wa darasa la nane? Ninauliza kwa sababu kuna kifungu kinachoruhusu jimbo limwondoe mwanafunzi wa darasa la nane anayesoma hisabati ya sekondari kwenye mtihani wa hisabati wa darasa la nane, akafanya badala yake ule wa sekondari wa mwisho wa somo. Kifungu kina busara, kwani hakuna faida kumpima mtoto kwa kitu alichokimaliza. Lakini fikiria kinafanya nini kwenye jedwali lenu. Watoto wenye uwezo mkubwa wa hisabati hawamo tena katika safu ya "hisabati, darasa la nane". Shule ikipanua aljebra, safu hiyo inabaki na waliosalia, na asilimia inaporomoka siku ileile ambayo shule imefanya jambo jema. Tazama idadi ya watahiniwa, si asilimia.

---

Bahari_Tulivu

Hilo la aljebra sikulijua kabisa, na ninakiri limenitikisa. Swali la pembeni: je, kushuka huku si athari za janga la Uviko bado?

---

Namba_Haziongopi

Kwa kiwango cha nchi, athari ilikuwa kubwa na inaonekana. Mitihani ya majimbo ya mwaka 2020 haikufanyika, kwa hiyo mwaka uliofuata hesabu za kawaida za ukuaji hazikuwezekana kwa kukosa alama ya kuanzia. Upo upimaji wa taifa ambao huchukua sampuli ya wanafunzi na hautoi matokeo ya shule mojamoja, na kwa hiyo hakuna anayeufundishia. Katika hisabati ya darasa la nane wastani ulishuka kutoka 282 mwaka 2019 hadi 274 mwaka 2022, mporomoko mkubwa kuliko wowote tangu mfululizo huo wa hisabati uanze mwaka 1990, na mwaka 2024 ulikuwa bado palepale. Lakini hilo haliwezi kueleza kwa nini shule moja ishuke mwaka huu huku ya jirani isishuke. Kwa swali la mleta mada, ningemfuata Kalamu_Nyekundu.

---

Mzazi_Mdadisi (mleta mada)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku nne, na ninayo majibu ambayo sikuyatarajia.

Mwalimu Kalamu_Nyekundu, umepiga penyewe. Nilirudi kwenye ripoti nikatazama safu ya idadi ambayo awali niliiruka. Waliofanya mtihani wa hisabati wa darasa la nane mwaka huu ni wachache sana kuliko wa mwaka jana, ingawa darasa lenyewe halikupungua. Nilimwandikia mwalimu mkuu, akanijibu siku ileile kwa adabu na, nahisi, kwa ahueni ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa: mwaka uliopita shule ilifungua mkondo wa pili wa aljebra, na watoto hao wote walifanya mtihani wa sekondari. Matokeo yao yako katika ukurasa mwingine kabisa, na ni mazuri. Nimewatumia wale wazazi watatu ukurasa huo. Wawili wamenyamaza. Wa tatu anauliza kama mwanawe bado anaweza kupata nafasi katika mkondo huo.

Nilipokuwa humo, nikafuata ushauri wa Mwalimu Mstaafu wa kutilia shaka pia kilichopanda. Somo la kusoma limepanda shuleni kwetu kwa mwaka wa pili, na hakuna mzazi hata mmoja aliyelizungumzia. Nikafungua ukurasa wa ukuaji, darasa kwa darasa. Darasa la sita ni la kawaida, karibu na 50. Darasa la nane vilevile. Darasa la saba, ambalo ni la binti yangu, liko chini sana ya 50 katika kusoma, na mwaka uliotangulia darasa la saba, ambalo lilikuwa na watoto wengine kabisa, lilikuwa chini vilevile. Asilimia ya shule imepanda kwa sababu watoto wanaoingia darasa la sita siku hizi wanatoka shule za msingi wakiwa na nguvu zaidi. Wanaingia wakiwa juu ya mstari, wanapita darasa la saba bila kusogea, na kwa kuwa hawajashuka chini ya mstari, jedwali linawahesabu kuwa ni mafanikio.

Namba_Haziongopi, nimekumbuka onyo lako kuhusu mtikisiko, lakini hii ni miaka miwili mfululizo na watoto zaidi ya mia moja kila mwaka. Unaonaje?

---

Namba_Haziongopi

Miaka miwili, watoto tofauti, darasa lilelile, somo lilelile: hapo ningeacha kuiita bahati. Ila bado hujui sababu. Inaweza kuwa mwalimu, inaweza kuwa ratiba, inaweza kuwa vitabu. Namba imekuonyesha mlango wa kubisha, haijakuambia nani yuko ndani. Tafadhali usiende na jina la mwalimu mdomoni.

---

Bahari_Tulivu

Ninakubali kwamba takwimu ya ukuaji imeona ambacho mstari wangu usingeona. Sijaacha msimamo wangu kuhusu mstari, lakini nimekubali.

---

Mzazi_Mdadisi (mleta mada)

Nimeomba kikao na mwalimu mkuu, nimepewa Alhamisi, dakika 20. Mwalimu Mstaafu, Kalamu_Nyekundu, nyinyi mmekaa upande wa pili wa meza. Niulize nini kwanza?

---

Kalamu_Nyekundu

Omba ratiba ya darasa la sita na ya darasa la saba, uziweke kando kwa kando, kisha uliza dakika ngapi kwa juma zinatumika kusoma na kuandika katika kila moja. Shule nyingi za kati zina vipindi viwili vya lugha katika darasa la sita na kimoja katika la saba, ili kupata nafasi ya masomo ya kuchagua. Huenda sivyo kwenu, lakini ni swali ambalo halimshutumu mtu na linajibika kwa karatasi.

---

Mwalimu_Mstaafu

Uliza hilo la ratiba. Halafu uliza watoto wa darasa la saba wamesoma vitabu vizima vingapi mwaka huu, vitabu vizima, si vipande vya kurasa mbili vyenye maswali manne ya kuchagua chini yake. Akianza kuhesabu kwa vidole, nyamaza umwache ahesabu.